Kuwalisha kuku wa kienyeji kiangazi ili wasiache kutaga

Mvua zikishakatika mwezi wa tano, mayai nayo hupungua. Usiku wa Juni na Julai una baridi, na hapa Tabora utasikia watu wakisema kuku wamegoma kwa sababu ya baridi. Baridi ya kwetu haimzuii kuku mwenye manyoya yake kutaga. Kinachomzuia ni uwanja mtupu. Masika anajiokotea mchwa, panzi, minyoo na majani mabichi kutwa nzima. Kiangazi anachakura vumbi, anarudi bandani na punje chache za mahindi tumboni. Juzi nimemsaidia wifi yangu wa Isevya kupanga chakula cha kuku wake, na nimeona niandike tulivyofanya.

Hatua ya 1: Achana na taa

Ushauri wa kuwasha taa bandani wakati wa baridi umetoka Ulaya na Marekani. London mwezi Desemba mwanga wa mchana haufiki jumla ya saa 8, na kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hivi. Sisi tuko karibu na ikweta. Siku yetu ndefu na siku yetu fupi hazipishani hata saa moja. Wafugaji wa kuku wa mayai wa kisasa huongeza taa mwaka mzima, na wana sababu zao. Kwa kuku wa nyumbani, hela ya umeme nunulia dagaa.

Hatua ya 2: Jua nani anataga

Mshike kuku jioni akiwa ametulia. Chini ya mkia kuna mifupa miwili ya nyonga inayochomoza. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati yake, anataga. Kikipita kimoja kwa shida, hatagi. Anayenyonyoka manyoya msimlaumu: manyoya yanajengwa kwa protini, na mwili wake umeamua kuvaa kwanza.

Hatua ya 3: Chanjo ya mdondo (kideri)

Kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, kwa kuku wasioumwa tu. Usisubiri upepo wa kiangazi uanze. Bila chanjo, hatua zinazofuata ni kupoteza hela.

Hatua ya 4: Changanya chakula

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mchanganyiko wa kilo 50 ninaoupenda kwa kuku wanaotaga huku wakizurura:

- mahindi ya kuparaza, kilo 23
- pumba za mahindi, kilo 10
- mashudu ya alizeti (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), kilo 9
- dagaa wa kusaga, kilo 4
- chokaa ya mifugo, kilo 2 na nusu
- mifupa ya kusaga, kilo 1
- chumvi, gramu 150
- primiksi ya kuku wa mayai (vitamini na madini ya dukani), kwa kipimo cha kwenye pakiti

Hapo unapata protini ya asilimia 16 hivi, ila kwa sharti kwamba dagaa ni dagaa kweli. Dagaa wa Kigoma wanaokuja na treni tuwale sisi, bei yao haimfai kuku. Nunua wa Mwanza waliovunjikavunjika, lakini uwapime kwanza. Chukua gao moja, weka kwenye glasi ya maji, koroga, subiri kidogo. Waliokaushwa chini huacha tabaka la mchanga kwenye kitako cha glasi, na mchanga huo unaulipia kwa bei ya dagaa. Mchanga ukionekana mnene, hama duka. Walambe pia. Wakiwa na chumvi, zile gramu 150 ziache kabisa, kwa sababu chumvi ikizidi kuku wanaharisha na wanaweza kufa.

Mashudu chukua ya alizeti. Ya pamba ni rahisi, maana Igunga na Nzega wanalima pamba, lakini yana sumu iitwayo gosipoli inayoharibu rangi ya kiini yai likikaa. Mteja akikuta kiini cha kijani harudi. Ya alizeti nayo yaangalie: yakijaa maganda meusi, protini yake ni ndogo.

Mahindi yenye ukungu usiwape, hata kama ni ya bure. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haitoki kwa kuanika wala kwa kusaga. Na mashineni waambie waparaze tu. Unga laini kuku wanaupuliza na kuumwaga.

Sasa kuchanganya. Usimwage vyote kwenye turubai na kuanza kupiga beleshi. Chumvi, primiksi na mifupa ni vidogo mno, vitakaa kona moja, kuku mmoja atakula chumvi ya wote. Anza na beseni: tia vile vidogo pamoja na kilo moja ya pumba, changanya kwa mkono mpaka rangi iwe moja. Ongeza dagaa na chokaa, rudia. Kisha ndipo umwage juu ya mahindi na mashudu, ugeuze lundo zima kutoka upande mmoja kwenda mwingine mara tatu au nne. Tengeneza cha wiki mbili tatu tu, kikikaa sana mafuta ya dagaa yanachacha.

Hatua ya 5: Majani na maganda

Funga fungu la mlonge, matembele au mchicha kwa kamba, lining'inie usawa wa vichwa vyao. Kiini kitarudi kuwa cha njano. Pembeni weka kopo la maganda ya konokono au ya mayai, maganda yenyewe yawe yamekaangwa na kupondwa kabisa. Ukiwapa maganda makubwa mabichi, watajifunza kudonoa mayai yao.

Hatua ya 6: Maji

Mtungi wa udongo, kivulini, kila asubuhi maji mapya. Yai kwa sehemu kubwa ni maji. Kuku akishinda siku moja bila kunywa anaweza kusimama kutaga kwa siku kadhaa.

Hatua ya 7: Kipimo na subira

Asubuhi wape kidogo watoke wakatafute. Jioni wape sehemu kubwa, jumla gramu 60 hadi 80 kwa kila kuku anayezurura, na gramu 120 hivi kwa aliyefungiwa kutwa. Usibadilishe mchanganyiko kabla ya wiki mbili hadi tatu. Kiini huchukua siku 7 hadi 10 kukua ndani ya kuku, kwa hiyo yai la wiki hii limetokana na chakula cha kabla hujaanza.