Kabla ya Kununua Pawa Saplai, Soma Ubao Mama Kwanza

Wengi hutazama kwanza wati zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi la pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na hapo ndipo wanapopotea. Anza na ubao mama wenyewe, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote. Chomoa waya wa umeme, fungua kasha, kisha tafuta soketi mbili: ile ndefu ya pembeni, ambayo kwenye bodi za ATX (kipimo cha kawaida cha kompyuta za mezani) huwa na pini 24, na ile ndogo iliyo karibu na prosesa, yenye pini 4 au 8. Bodi ya zamani yenye pini 20 isikutie hofu, maana plagi nyingi za pini 24 hugawanyika 20+4. Kompyuta zilizounganishwa kiwandani, kama za Dell, HP na Lenovo, ndizo za kuchunguzwa sana. Baadhi zina plagi zao wenyewe zenye pini chache, na pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta yake.

Sasa geukia lebo ya pawa saplai. Usome mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya michoro hula huko. Zidisha ampia kwa 12. Iliyoandikwa wati 500 lakini ina ampia 25 tu kwenye volti 12 inakupa wati 300 pale unapozihitaji. Zilizobaki ziko kwenye volti 3.3 na 5, ambazo kompyuta ya leo hutumia kidogo. Ikiwa na njia mbili za volti 12, usizijumlishe. Fuata kikomo cha pamoja kilichoandikwa chini yake.

Tuseme prosesa inafika wati 90, kadi ya michoro 170, na bodi, RAM, diski na feni zote 60. Jumla ni 320. Nunua ya 500 au 550, kwani kadi huvuta umeme mwingi ghafla kwa muda mfupi sana, na pawa saplai isiyo na akiba hujizima katikati ya kazi.

Nyaya ndizo huunguza vifaa. Plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya kadi ya michoro zinafanana, lakini nyaya za volti 12 na za ardhi (ground) zimekaa pande tofauti. Soma maandishi CPU (ya prosesa) au PCIe (ya kadi ya michoro) kwenye plagi, na ikigoma kuingia usiilazimishe. Nyaya zinazochomoka usizihamishie pawa saplai nyingine, hata ikiwa ya kampuni ileile: mpangilio wa upande wa pawa saplai hauna kanuni moja, na diski inaweza kupokea volti 12 mahali pa 5.

Pima pia nafasi kwenye kasha. ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, lakini urefu hubadilika kuanzia 140 kwenda juu. Kasha dogo huenda likahitaji SFX, aina ndogo ya pawa saplai.

Na kama nyuma kuna swichi nyekundu ya 115/230, iweke 230 kabla ya kuchomeka kwenye umeme wa volti 220 hadi 240. Ikiachwa 115, pawa saplai huungua papo hapo.