Mabishano ya "kipi bora": namna ya kuyaendesha mpaka yafike mahali

Mjadala ukizunguka tu hauishi, mara nyingi watu wanarushiana takwimu wakati wanachobishania ni thamani, yaani kipi kina uzito kuliko kipi. Chukua bwawa la umeme la Julius Nyerere mto Rufiji, Tanzania. Mmoja anasema mitambo 9, megawati 2,115, mwingine anasema Selous, pori la wanyama lilipojengwa bwawa hilo, ni urithi wa dunia tangu 1982, na wote wako sahihi! Sasa hapo mtasahihishana nini?

Kwanza tafuta ile sentensi ambayo haijasemwa. Mtu akisema "linaleta umeme, kwa hiyo lilistahili kujengwa", katikati kuna kitu amekiruka, kwamba umeme una uzito kuliko pori lililomezwa na maji. Muulize taratibu kabisa, "kwa hiyo ndugu yangu unasema umeme kwanza, pori baadae?" Akikubali, mjadala ndo umeanza. Akikataa atakwambia mwenyewe anasimamia nini.

Afu dai kipimo. Faida kwa nani? Kwa fundi wa kuchomelea wa Dar anayetaka umeme usikatike, au kwa mkulima wa Rufiji huko chini ambaye shamba lake linangoja mafuriko yapite ndo apande?

Kipimo kikipatikana kijaribu kwingine, na hii hatua naipenda kuliko zote. Kama mapato ya taifa yanatangulia siku zote, je angekubali Ngorongoro ichimbwe ikikutwa na madini? Akisita basi kuna mpaka, jadilini huo mpaka. Na wewe wa upande wa pori jipime hivyohivyo, ungekataa bwawa hata kama hospitali zingekaa giza?

Tafadhali usimwite mwenzio adui wa mazingira wala adui wa maendeleo. Mwalimu Nyerere mwenyewe kwenye tamko la Arusha la Septemba 1961 (sio Azimio la 1967, hilo ni lingine) aliahidi wanyamapori watunzwe mpaka wajukuu wa watoto wetu waukute urithi huo, na wazo la kuzuia maji ya Rufiji lilikuwepo pia kwenye serikali yake. Mtu mmoja anazishika thamani zote mbili, tofauti iko kwenye kuzipanga.

Mkishajua mnatofautiana kwenye kupanga tu, rudisheni takwimu mezani maana sasa zina kazi: gesi asilia ya visima vya Songosongo na Mnazi Bay ingeweza kubeba kiasi gani cha huo umeme, na maji kiasi gani yaachiwe, mwezi gani, ili mashamba ya chini yalowe.