Amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha: namna ya kukata rufaa

Familia nyingi ninazokutana nazo nje ya gereza huniuliza, "Hawawezi kumpunguzia?" Mimi ni msaidizi wa kisheria, na jibu hili huwa linaniuma kulitoa: Tanzania Bara, miaka 30 ndiyo adhabu ya chini kabisa kwa kosa hili. Jaji hana pa kushukia. Rufaa inayoomba huruma kwa sababu mfungwa ana watoto wadogo haitamfungua. Kinachopaswa kubomolewa ni kule kutiwa hatiani.

Hatua ya 1: Kusudio la rufaa, ndani ya siku 10

Zinahesabiwa tangu siku ya hukumu. Mfungwa amwambie askari magereza kwamba anakata rufaa. Ataandaliwa hati, ataweka saini au dole gumba, na Mkuu wa Gereza ataipeleka mahakamani. Sababu bado hazihitajiki.

Hatua ya 2: Nakala

Ombeni kwa maandishi mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani) na hukumu. Hati ya rufaa yenyewe inatakiwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, ila siku za kusubiri nakala hazihesabiwi. Andikeni tarehe mliyoomba na tarehe mliyopokea.

Hatua ya 3: Soma mwenendo kwa kalamu mkononi

Hapa ndipo kesi hufia au hufufukia. Usikimbilie hukumu, anza na hati ya mashtaka. Je, inamtaja mtu aliyetishiwa au kupigwa kwa silaha? Kama haimtaji, una hoja.

Kisha utambuzi. Tukio likiwa la usiku, fuata kipimo cha kesi ya mwaka 1980 ya mrufani aliyeitwa Waziri Amani: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, umbali gani, kwa mwanga gani, na alimfahamu kabla? "Kulikuwa na taa" haitoshi. Taa ya aina gani, iliwaka kiasi gani, ilikuwa wapi? Angalia pia kama shahidi alimtaja au kueleza sura na mavazi yake mapema, au alingoja hadi akamatwe.

Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa aliyotoa polisi baada ya kuonywa: yalichukuliwa ndani ya saa nne tangu akamatwe? Kielelezo cha maandishi kilisomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa? Kisiposomwa, huweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Mali iliyokamatwa: mlalamikaji aliitambua kwa alama gani? Simu nyeusi ziko maelfu.

Na shtaka la kula njama, kama lipo. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba shtaka hili halisimami pale kosa lenyewe lililopangwa linapodaiwa kutendwa. Lakini shtaka hilo likianguka peke yake, miaka 30 inabaki palepale, kwa hiyo usilifanye hoja yako kuu.

Hatua ya 4: Andika sababu

Sababu nne zenye nguvu zinashinda kumi na tano za kurudiarudia. "Hakimu alikosea kisheria" ni maneno matupu. Andika: "Hakimu alikosea kuamini utambuzi wa shahidi wa pili, ambaye hakueleza nguvu ya mwanga." Taja ukurasa. Hukumu zinazofanana zinapatikana bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania.

Msiache hoja ya ushahidi mkidhani mtaitumia baadaye. Mahakama Kuu hupima ushahidi wote upya. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya pili, hushughulika na sheria, na kwa kawaida haipokei hoja mpya za ushahidi. Huko, taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30.

Mkiwa mmechelewa

Ombeni kuongezewa muda, kwa kiapo kinachoeleza kila siku iliyopotea. Kama nakala zilikwama, au mfungwa alihamishwa gereza, pateni kiapo cha ofisa wa magereza kuthibitisha. Nimeona watu wakikaa miaka kwa kuamini mlango umefungwa. Haujafungwa.

Siku ya kusikilizwa

Asiye na wakili husimama mwenyewe. Mfanyeni ajizoeze kueleza hoja kwa dakika chache, akianza na ile kubwa. Na ajue mapema kwamba mahakama inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya. Hapo aseme kwamba kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake.