Stepu za umeme za pikapu zikigoma, usikimbilie kununua mota

Sisi tunaoendesha pikapu huku kwenye baridi, Minnesota, Ohio, Michigan mpaka Canada, theluji ikianza kuyeyuka ndo malalamiko ya stepu, ule ubao wa kukanyagia chini ya milango unaotoka wenyewe, yanaanza. Unafungua mlango stepu inatoka nusu inasimama, au inatoka vizuri alafu ukifunga mlango haitaki kurudi, unaingia haiwei ubao umening'inia pembeni kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Iwe F-150, Sierra Denali au Ram, ugonjwa ni ule ule. Na ukiuliza watu, wa kwanza atakwambia mota imekufa, agiza nyingine. Mota moja ni dola mia kadhaa bwana, na mara nyingi unafunga mpya stepu inagoma vile vile, maana tatizo halikuwa hapo.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi. Kila upande una mota ya volti 12 iliyofungwa kwenye bawaba moja tu, bawaba ingine haina mota, inafuata kwasababu ubao umeziunganisha. Ukifungua mlango, swichi ya mlango inaiambia kompyuta ya stepu, kompyuta inapeleka moto, yaani umeme, mota inazungusha mikono ya bawaba ubao unashuka. Sasa hii kompyuta inaangalia mota inavuta moto kiasi gani. Ampea zikipanda ghafla inajua kuna kitu kimezuia, mguu wa mtoto au ukingo wa barabara, inakata moto au inarudisha ubao ulikotoka. Hapo ndo kwenye siri yote. Pini za bawaba zikishika kutu mota inatumia nguvu nyingi, na kompyuta haiwezi kutofautisha kutu na mguu wa mtoto, yenyewe inaona ugumu tu, inasimamisha. Kwahiyo stepu inayosimama nusu njia mara nyingi ina mota nzima kabisa inayosukuma bawaba iliyokufa.

Kabla hujalala chini ya gari angalia vya bure. Ingia kwenye menyu ya dashibodi uone kama mtu hajazima stepu, kwenye Ford kuna kuiacha ijiendeshe, kuitoa ibaki nje, au kuizima, na watoto wakichezea zile batani za usukani lolote linatokea. Alafu angalia fyuzi, nyingi ni ya ampea 30 ila fuata kitabu cha gari lako. Kama stepu zako zilifungwa baadaye, mfano PowerStep za AMP Research, fyuzi yake iko kwenye waya wake yenyewe chini ya boneti karibu na betri, usiitafute kwenye boksi la gari hutaiona. Na zile zinazochomekwa kwenye tundu la OBD, lile la kupimia kompyuta ya gari, chini ya usukani, angalia kama fundi aliyepima gari juzi alirudishia plagi, maana akichomoa akasahau stepu zote mbili zinakufa na we unaanza kushuku kutu.

Namna inavyogoma inakuonyesha pa kwenda. Pande zote mbili zimekufa kwa pamoja, hiyo ni moto, fyuzi, menyu au kompyuta, sio kawaida mota mbili zife siku moja. Upande mmoja tu, hapo ni bawaba, waya au mota ya upande huo. Ukifungua mlango wa mbele haitoki ila wa nyuma inatoka, bawaba na mota ziko poa, swichi ya mlango wa mbele ndo mbovu. Na kama stepu inakaa nje milango yote imefungwa, tazama dashibodi kama inasema mlango uko wazi au taa ya ndani haizimi, kwenye magari mengi swichi iko ndani ya kitasa cha mlango na inachafuka, piga dawa ya kusafishia ndani ya komeo ufungue ufunge mara nyingi, saa ingine inapona hapo hapo.

Sikiliza pia. Ukisikia mota inanguruma kidogo alafu kimya, inajaribu inashindwa, twende kwenye bawaba. Ukisikia inazunguka vizuri ila ubao hausogei, gia imekatika meno. Kimya kabisa, fuata waya.

Sasa kipimo chenyewe. Chomoa fyuzi ya stepu kwanza, na hili silisemi kama utani, mtu akifungua mlango mikono yako iko kwenye bawaba ile kitu inavunja kidole. Hata ukiwa umezima kwenye menyu we chomoa tu. Na kama unanyanyua gari, jeki isiguse stepu wala bawaba zake, weka kwenye chesisi na uweke stendi. Alafu fungua mota kutoka kwenye bawaba, ni bolti chache ndogo, andaa biti za Torx (za nyota) na Allen (za pembe sita), na kama zina kutu zipige dawa ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia maana zikikatikia ndani umejiongezea kazi. Mwambie mtu ashike ubao wakati mota inatoka usije ukakushukia. Mota ikishatoka shika ubao katikati uuvute nje uurudishe ndani. Unatakiwa uende kwa mkono mmoja, laini, bila kukwaruza. Ukiwa mgumu, au unaenda upande mmoja na mwingine umebaki, umeshapata mchawi na hujatumia hata dola moja.

Chukua tochi utazame pini kwa karibu. Kwenye bawaba nyingi mikono ni ya aluminiamu na pini ni ya chuma, ukiweka katikati maji ya chumvi, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, vinaanza kulana. Utaona unga mweupe umeganda pembeni ya pini umechanganyika na kutu ya kahawia, huo unga ni aluminiamu inayoliwa, na inavyoliwa inavimba inaibana pini kwenye tundu lake. Ile bawaba isiyo na mota ndo watu huisahau, wanalainisha ya mota tu alafu wanashangaa ubao unapinda.

Kuzifungua kunataka subira kuliko nguvu. Osha kwanza kwa maji ya presha, lenga bawaba sio mota wala plagi, tope na chumvi vitoke. Zikikauka sugua pini kwa brashi ya waya alafu piga dawa ya kulegeza kutu, PB Blaster, Liquid Wrench au Kroil, zote zinafanya kazi. Acha iingie, saa kadhaa au usiku kucha, rudi uchezeshe ubao kidogo kidogo mbele nyuma, usilazimishe mpaka mwisho, piga dawa tena, chezesha tena. Utaona maji ya kahawia yanatoka kwenye pini, usiyafute haraka, hiyo ndo kutu inatoka, endelea mpaka yaanze kutoka masafi. Nyundo ya mpira ukigonga polepole kwenye mkono inasaidia, ya chuma itapasua aluminiamu. Na gesi ya kuchomea weka mbali, hizo dawa zinashika moto na bushi nyingi ni za plastiki.

Ikishalegea futa dawa yote ndo ulainishe. Hapa kila mtu ana dini yake. Mimi natumia silikoni ya kupuliza kwenye pini tu, inakauka haishiki mchanga. Grisi nzito sikushauri, inalainisha wiki mbili alafu inakuwa gundi ya vumbi, na ndugu zetu wa Muscat na Dubai wenye mchanga badala ya chumvi ndo wasiiguse kabisa. WD-40 ya kawaida ni nzuri kufukuza maji na kusafishia ila haikai, ukimaliza nayo bado unahitaji kilainishi cha kweli. Na silikoni isiguse sehemu ya kukanyagia! Bibi akija kukutembelea akakanyaga hapo na viatu vyake vya kanisani, mtamalizia emajensi.

Kama ubao ulikuwa mlaini tangu mwanzo, basi ni umeme. Chomoa plagi ya mota uangalie ndani, rangi ya kijani kwenye terminali ni maji yaliingia, safisha kwa dawa ya umeme na brashi ndogo, paka grisi ya dielektriki, ile isiyopitisha umeme, rudisha. Fuata waya mpaka kwenye chesisi, panapopita kwenye kona ndo panapokatika, na waya wa eathi uliokula kutu unaiga kabisa ugonjwa wa mota. Weka mita kwenye plagi ya upande wa gari, rudisha fyuzi, mtu afungue mlango, volti zikija kama 12 mota haizunguki basi sasa ndo una haki ya kuilaumu. Kuhakikisha, mota ikiwa nje ya gari na plagi yake ina waya mbili tu, ipe moto wa betri moja kwa moja kupitia fyuzi, ukigeuza waya igeuze mzunguko. Ikiwa na waya zaidi ya mbili usibahatishe.

Ukirudishia, jaribu ukiwa umesimama mbali na stepu, fungua funga mlango mara kadhaa uone inaenda mpaka mwisho pande zote.

Kipindi cha baridi kuna kitu kingine, barafu. Ukiosha gari jioni alafu usiku ikashuka chini ya sifuri, maji kwenye bawaba yanaganda asubuhi stepu haitoki. Hiyo haijaharibika, usiipige teke, zima kwenye menyu mpaka gari lipate joto. Kabla ya dhoruba ya theluji ni bora uzizime kabisa. Ila kwenye siku za joto kidogo peleka kwenye kuosha gari, toa stepu nje zibaki wazi, puliza bawaba chumvi iondoke, zikikauka silikoni kidogo. Mara moja kwa mwezi wakati wa chumvi, kiangazi kila unapobadilisha oili inatosha.

Pini ikiwa imeliwa mpaka inacheza kwenye tundu, au mkono umepasuka, dawa haisaidii tena, bawaba mpya zinauzwa bila mota kwa magari mengi, nunua hizo uhamishie mota yako ya zamani. Na kama huna hela kwa sasa, usiache ubao ukining'inia barabarani na usiufunge kwa kamba ya kuanikia nguo, sukuma ndani, funga kwa mkanda wa mizigo ule wa kukaza, chomoa fyuzi, na uangalie mkanda haujalegea kila kabla ya kuingia haiwei.