Namna ya kuomba dosie ya babu aliyekwenda Burma, ukiwa Bukavu

Sisi wa Bukavu tunataja kambi ya jeshi ya Camp Saïo kila siku, kwenye pikipiki na sokoni, na wengi hatujui kwamba Saïo ni mji wa Ethiopia. Huko ndiko jenerali Gazzera wa Italia alikosalimu amri mbele ya Force Publique, jeshi la koloni la Kongo ya Wabelgiji, tarehe 3 Julai 1941. Wale wa Saïo angalau wana kambi yenye jina la ushindi wao. Kuna wengine walipelekwa mbali zaidi, wakavuka bahari hadi misitu ya Burma (leo Myanmar), na hao hawana hata barabara. Kama mzee wa kwenu alikuwa mmoja wao, karatasi zake za jeshi, yaani dosie yake, zinaweza kutafutwa. Naeleza hapa njia tuliyoifuata sisi, na mahali tulipokosea.

Jua kwanza unamtafuta mtu wa kazi gani

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Nyumbani tunaambiwa "babu alipigana Burma," basi tunaandika barua tukiomba orodha ya wapiganaji. Lakini Wakongomani waliofika Burma walikuwa hasa watu wa hospitali. Kikosi chao kilikuwa hospitali ya uwanja wa vita, takriban Waafrika 350 na wazungu 20. Katika karatasi za Waingereza kinaitwa 10th Belgian Congo Casualty Clearing Station. Nakili jina hilo herufi kwa herufi, maana ndilo litakalofungua katalogi ya hifadhi yao. Ndani yake mlikuwa na wauguzi, wabeba machela, madereva na wapishi.

Kilihudumu kando ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yaani askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (leo Malawi), ambao wengi wao walitumia Kiswahili jeshini. Divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, kwenye tope na malaria, ikaingia Kalewa kando ya mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo mzee aliyewabeba majeruhi wa Kabaw hutamkuta kwenye orodha za batalioni. Mtafute upande wa tiba.

Anza na wazee, kabla ya ofisi yoyote

Kaa na wazee wa familia, hasa akina mama. Usiulize "alipigana wapi," kwa sababu utajibiwa "kwa wazungu" na mazungumzo yatakufa. Uliza alikula nini huko, aliumwa nini, alirudi na nini mkononi. Shangazi yangu hajui jina la nchi yoyote ya Asia, lakini alikumbuka babu akisimulia kwamba walikuwa wakipewa kidonge kila siku mpaka ngozi ikageuka manjano. Hiyo ni mepacrine, dawa ya kuzuia malaria ambayo askari wa Burma walilazimishwa kumeza, na kweli inageuza ngozi manjano. Neno hilo moja la shangazi lilitusaidia kuliko miaka kumi ya kusema "alikuwa shujaa." Rekodi sauti kwenye simu, na utaje tarehe mwanzoni mwa rekodi.

Kisha fungua masanduku. Unatafuta vitu vitatu: namba ya jeshi, ambayo wazee wanaiita matrikule, kijitabu cha askari, na medali. Medali inasema alikokwenda hata kama karatasi zote zimeungua. Medali ya Kibelgiji ya vita vya Afrika ya 1940 hadi 1945 ilivaliwa na vibao vidogo kwenye utepe, na kimojawapo kimeandikwa Birmanie. Ukiona nyota ya shaba yenye ncha sita, na utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati ya bluu, na mstari wa rangi ya chungwa kila upande, hiyo ni Burma Star ya Waingereza.

Kijitabu cha babu yetu hatunacho. Mjomba alimkabidhi mtu aliyepita akisema anakusanya dosie za pensheni za wale tunaowaita ansie kombata, yaani wapiganaji wa zamani, na hakikurudi tena. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba karatasi ya asili haitoki nyumbani. Mtu akiitaka, aipige picha mbele yako au umpe fotokopi, hata kama amevaa suti. Tulichobaki nacho ni sanduku la mbao. Chini ya kifuniko babu alichora namba kwa msumari, na mchwa walikuwa wamepita juu yake. Binti yangu alisugua chaki nyeupe, akapuliza, tarakimu zikajitokeza moja moja: tano kwa jumla. Ya tatu imeliwa nusu, ni 3 au 8. Katika barua tuliandika namba zote mbili na kueleza kwa nini. Fanya hivyo pia, usibahatishe.

Andika majina kama karani alivyoyaandika

Karani Mbelgiji aliandika alichosikia. "U" ikawa "ou," "sh" ikawa "ch," na "r" na "l" zilibadilishana bila adabu. Tengeneza orodha ya namna zote ambazo jina la babu lingeweza kuandikwa. Ongeza jina la baba yake, kijiji, chefferie (eneo la chifu) na territoire (kama wilaya), kwa sababu askari wengi waliandikwa kwa jina moja tu. Miji pia itafute kwa majina ya zamani. Bukavu ni Costermansville katika karatasi za wakati huo, Lubumbashi ni Élisabethville, Kisangani ni Stanleyville, Kalemie ni Albertville.

Karatasi za kuthibitisha

Utahitaji kuonyesha mambo mawili: kwamba mzee amefariki, na kwamba wewe ni wa ukoo wake. Cheti cha kifo kinatoka etasivili ya komini, ofisi inayoandikisha vizazi na vifo. Kama hakikuwahi kuandikwa, rejista ya ubatizo na mazishi ya parokia mara nyingi ndiyo pekee iliyobaki, hasa kwetu ambao tumekimbia nyumba mwaka 1996, 2004, na tena 2025. Usidharau picha ya msalaba kaburini kama una jina na mwaka juu yake. Ya ukoo ni rahisi zaidi: cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi wako, na kitambulisho.

Barua, na pa kuipeleka

Mlango wa kwanza ni Archives générales du Royaume, hifadhi ya taifa ya Ubelgiji, mjini Brussels. Nyaraka za utawala wa koloni, ambazo zamani zilikuwa wizara ya mambo ya nje, zimehamishiwa huko. Mlango wa pili, Brussels hapohapo, ni War Heritage Institute, taasisi inayoangalia makumbusho ya jeshi ya Cinquantenaire na hifadhi yake. Andika kwa Kifaransa, kwa barua pepe. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukusaidia. Mtu mmoja, barua moja. Yetu ilikuwa fupi, na nadhani ufupi ndio uliotusaidia:

"Mimi ni mjukuu wa askari wa Force Publique aliyezaliwa kati ya 1918 na 1922, territoire ya Kabare. Namba yake ni moja kati ya hizi mbili. Jina lake huenda limeandikwa kwa namna hizi nne. Familia inaamini alihudumu na hospitali ya uwanja wa vita huko Burma, 1944 hadi 1945. Naomba kujua kama mna dosie yake, kitabu cha usajili chenye namba yake, au orodha ya waliopewa medali. Naomba mnieleze gharama ya nakala kabla ya kuzitengeneza. Nimeambatisha cheti cha kifo, vyeti vya ukoo na picha ya namba."

Jibu la kwanza linaweza kuwa swali. Sisi tuliulizwa chefferie, ambayo tulikuwa tumeisahau. Jibu haraka, na katika barua pepe ileile ili mazungumzo yasitawanyike. Ikipita miezi miwili kimya, kumbusha kwa upole. Asikuambie mtu hapa mjini kwamba anaweza "kusukuma" dosie ya Brussels kwa dola mia. Kuuliza hakuhitaji mtu wa kati.

Upande wa Uingereza, shajara za vikosi ziko The National Archives, Kew, London. Kundi la WO 177 ni shajara za huduma za tiba, na WO 172 ni za majeshi ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kupekua katalogi kwenye intaneti ni bure. Nakala ndizo zinazolipiwa. Usitarajie kuona jina la babu, kwa sababu shajara haitaji askari wa kawaida ila kwa nadra. Utakachopata ni mahali walipolala na majeruhi waliopokea, na kwangu hilo lina uzito wake: unajua siku fulani mzee wako alikuwa ng'ambo gani ya mto.

Kwa walioandikwa Uganda, Kenya au Tanganyika katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na wakafia Burma, ingia kwenye ukurasa wa Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure. Mnara wa Rangoon, kwenye makaburi ya Taukkyan, una majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo. Askari wa Ubelgiji hawakuwa chini ya tume hiyo, kwa hiyo ukikosa jina la Mkongomani usiseme hakuwepo.

Nakala zikifika

Zichapishe tatu: moja ya nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, moja kwa ndugu aliye mji mwingine, moja parokiani kama padri atakubali. Wasomee wazee kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Mashi, kwa sababu mengi yatawakumbusha mengine na utaandika upya. Corporal Albert Kunyuku, aliyekuwa Burma, alivishwa nishani na mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 100. Wengi wa wenzake walikwisha zikwa zamani bila mtu kuwauliza.

Kwenye msalaba wa babu tumeongeza namba yake kwa rangi nyeusi. Pale pa tarakimu ya tatu tumeacha nafasi mpaka Brussels wajibu.