Siti ya ekonomi kwa safari ndefu ya nyumbani: lipia kile kipande kirefu

Kila ikikaribia Desemba watu tunaoishi nje na tunaotaka kwenda nyumbani Afrika Mashariki tunaanza kuulizana kwenye magrupu, nichukue dirishani au koridoni, mbele au nyuma, na majibu yanakuja kila mtu na lake kwa sababu kila mmoja anazungumzia ndege aliyopanda yeye. Kabla hujauliza siti, uliza ndege. Na kabla hujatoa hela ya siti, angalia safari yako ina vipande vingapi na kipi ndo kitakachokuchosha. Hayo mawili ukishayaweka sawa, mengine yanabaki madogo madogo.

Tuanze na hela. Mtu anayetoka Houston kwenda Dar kwa kupitia Doha ana vipande viwili, cha kwanza ni masaa kama 14 mpaka 16 hivi kutegemea upepo na upande unaoelekea, cha pili cha Doha mpaka Dar ni kama sita. Kampuni nyingi zinachaji siti kwa kila kipande peke yake, sasa wewe ukiwa unabuku kwenye simu unabonyeza tu mpaka mwisho unajikuta umelipia siti nne, kwenda na kurudi, na mbili kati ya hizo hukuzihitaji kabisa. Yale masaa sita chukua siti watakayokupa bure kwenye chekini, hata ikiwa ya katikati utafika. Hela yote peleka kwenye kipande kirefu. Na kama bajeti inaruhusu siti moja tu kwa safari nzima, ilipie kile kipande kirefu ambacho mwili wako utakuwa unataka kulala, maana kukaa macho kwenye siti mbaya kunavumilika ila kulala kwenye siti mbaya ndo kunakoharibu siku mbili za kwanza za likizo.

Kwa wanaopanda ile ya Kenya Airways ya Nairobi kwenda New York moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, hapo hakuna kugawanya, ni kipande kimoja cha karibu masaa 15, kwa hiyo hapo usibane hela ya siti, bana kwingine.

Sasa ndege. Ukiwa unaangalia tiketi kabla ya kulipa, fungua maelezo ya safari, utaona aina ya ndege imeandikwa kwa kirefu au kwa kodi fupi. 788 na 789 ni Boeing 787, ile inayoitwa Dreamliner, 359 ni Airbus A350, 332 na 333 ni A330, 77W ni ile Boeing 777 kubwa, 388 ni A380 ya ghorofa. Hizo kodi zikae kichwani maana zinakwambia mengi kuliko picha za matangazo. Dreamliner ya ekonomi inapangwa tatu-tatu-tatu, yaani siti tatu, korido, tatu, korido, tatu, na upana wa siti ni kama inchi 17 na kidogo. A350 nayo kwa kampuni nyingi ni tatu-tatu-tatu lakini siti ni inchi 18 hivi. A330 ni mbili-nne-mbili, nayo ni kama 18. Ile 777 kwa Emirates na wengine wengi ni tatu-nne-tatu, watu kumi kwenye mstari mmoja, na siti inarudi kwenye inchi 17. Inchi moja ukiisoma unaona si kitu, ila kama una mabega mapana, au jirani yako anayo, masaa kumi na tano utakaa umejikunja upande mmoja na shingo itakwambia ukishuka.

Kuna jambo lingine la Dreamliner na A350 ambalo watu wengi hawalijui. Ndani ya ndege hewa inabanwa lakini haifiki kiwango cha kule chini usawa wa bahari. Kwenye ndege nyingi za zamani inaweza kuwa kama uko mita 2,400 juu ya bahari, yaani kama uko Addis Ababa, wakati kwenye hizi mbili ni kama mita 1,800, yaani kama uko Nairobi tu. Na hewa yake haikauki sana. Kwa anayeumwa kichwa kila akipanda ndege, au mzazi mwenye umri, tofauti hiyo ina maana kuliko siti yenyewe, kwa hiyo ukiona bei zinakaribiana kati ya safari ya 777 na safari ya A350, mimi nachukua A350 bila kufikiria mara mbili.

Ukishajua ndege ndo unaenda kwenye ramani ya siti. Usitegemee ramani za zamani za ile tovuti ya SeatGuru, zilikaa miaka bila kusasishwa na ndege zilishabadilishwa ndani, angalia tovuti ya aeroLOPA, wanachora kampuni nyingi na aina nyingi za ndege mpaka dirisha liko wapi na choo kiko wapi. Hii ya dirisha ni muhimu kwa sababu kuna siti zinauzwa kama za dirishani ila ukikaa unakuta ukuta mtupu.

Hapa sasa kwenye kuchagua ndo nataka tukae kidogo. Watu wanafikiri koridoni ni koridoni tu, sio kweli. Chukua mstari wa tatu-tatu-tatu. Ukikaa koridoni kwenye zile tatu za pembeni, wa katikati na wa dirishani wote wawili njia yao ni magoti yako, kila mmoja akienda choo unaamshwa wewe. Ukikaa koridoni kwenye zile tatu za katikati ya ndege, jirani yako ni mmoja tu na huyo ana njia mbili, anaweza kupita kwako au kwa mwenzako wa upande wa pili. Kwa hiyo kwenye Dreamliner na A350, siti ya koridoni ya kundi la katikati ndo siti ya mtu anayetaka kuwa huru kuinuka na bado asisumbuliwe usiku kucha. Kwenye 777 yenye nne katikati ni hivyo hivyo, wa koridoni anapitiwa na mtu mmoja, bado ni nafuu kuliko wawili. Watu wanazikimbia siti za katikati ya ndege kwa sababu hazina dirisha, waache wazikimbie, zinabaki kwa ajili yako na mara nyingi zinakuwa za mwisho kujaa.

Dirishani ni kwa anayelala. Kama wewe ukishakula unafunga macho mpaka asubuhi, dirishani unapata pa kuegemea kichwa na hakuna wa kukuruka. Ila kama unakunywa maji sana au tumbo lako linasumbua kwenye safari, dirishani utakuwa mfungwa, unakaa unangoja jirani aamke na unaona aibu kumgusa, na kubana choo masaa manne sio afya. Kama ni la kuangalia nje tu, basi kipande kifupi cha Nairobi kwenda Dar mchana, kaa upande wa kulia, hali ya hewa ikiwa nzuri unaiona Kilimanjaro pale pale. Kwa hilo naelewa mtu kugombania dirisha.

Mnaosafiri wawili, mke na mume au wewe na dada yako, itafuteni A330, zile siti mbili za pembeni ni zenu peke yenu, hakuna mgeni. RwandAir na Uganda Airlines wanazo hizo A330, Brussels Airlines pia anazitumia kwenda Kigali, Bujumbura na Entebbe. Na hata kwenye 777 ya watu kumi kwenye mstari, angalia mistari ya mwisho kabisa nyuma ambapo bodi la ndege linaanza kuwa jembamba, kwa kampuni nyingi pale pembeni zinabaki siti mbili badala ya tatu na unapata kinafasi kati ya siti na ukuta cha kuweka kijibegi. Ubaya wake ni karibu na choo na jikoni, na chakula kinaweza kufika nyuma mkapewa kilichobaki. Ile ya mwisho kabisa yenye ukuta nyuma yake ikwepe, nyingi hazilali vizuri.

Siti za mlango wa dharura zinasifiwa sana, na kweli miguu inanyooka. Lakini begi lote linaenda juu wakati wa kupaa na kutua, meza na skrini vinatoka kwenye mkono wa siti kwa hiyo mkono haunyanyuki na siti inakuwa nyembamba, mlangoni pana baridi, halafu watu wanaosubiri choo wanakuja kusimama mbele yako. Mrefu wa futi sita na zaidi, chukua. Mfupi, hela yako inaweza kufanya kazi nzuri zaidi. Na mtoto au mtu anayehitaji msaada wa kutembea hawawekwi pale, na kampuni nyingi hazimweki mjamzito. Zile za mbele zenye ukuta ndo zinafungwa vitanda vya watoto wachanga, kwa hiyo mwenye kichanga apige simu mapema siku ile ile anayonunua tiketi maana vitanda ni vichache na vina kikomo cha uzito, na asiye na mtoto ajue anakaa jirani na kilio.

Kwa mnaowaleta wazazi kuja kuwaona wajukuu, naomba hapa msome taratibu. Mama wa miaka 65 aliyetoka Moshi au Kisumu hatamwamsha mzungu aliyelala ili aende choo. Atabana, na ili asiende choo ataacha kunywa maji, atakaa hivyo hivyo masaa yote na miguu inavimba. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha safari ya kukaa zaidi ya masaa manne inaongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, bado ni wachache wanaopata, ila umri, ujauzito na upasuaji wa karibuni vinaongeza. Kwa hiyo mzazi ni koridoni, karibu na choo lakini sio mbele ya mlango wa choo, mistari mitatu minne hivi inatosha. Mwombee kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri, ni bure, omba angalau siku mbili kabla, maana pale Doha au Amsterdam mhudumu ndo atakayempeleka geti kwa geti na yeye hana haja ya kusoma mabango.

Na mfundishe hiki kabla hajaondoka, au mwandikie kwenye karatasi amwonyeshe mhudumu: ule mkono wa siti upande wa koridoni kwa siti nyingi unanyanyuka, ila umefungwa. Unapitisha vidole chini yake mpaka nyuma kabisa pale unapojikunja, utagusa kitufe kidogo, unakibonyeza huku unanyanyua mkono na njia inafunguka. Mtu mwenye magoti mabovu anageuka, anashusha miguu kwenye korido na kusimama bila kujipenyeza.

Siti tupu pembeni ni suala la msimu. Desemba na Julai-Agosti ndege zinajaa, usicheze na mbinu. Ila Februari hivi mkiwa wawili chukueni dirishani na koridoni muache ya katikati, wachache wanaichagua, na akija mtu mnabadilishana naye tu. Siku ya safari fungua ramani tena chekini ikifunguliwa, ni masaa 24 au 48 kabla kutegemea kampuni, maana watu wanahamishwa na siti nzuri zinarudi.

Angalia pia ndege ni ya nani. Unanunua tiketi kwa KLM, kipande cha Marekani kinarushwa na Delta, na namba ya bukingi ya KLM inaweza isikuonyeshe siti za Delta. Wapigie KLM wakupe namba ya bukingi ya Delta, halafu unaingia kwa Delta mwenyewe unachagua.

Halafu usijisahau mpaka siku ya safari. Kampuni zinabadilisha ndege, 359 inakuwa 77W, na siti yako uliyolipia inakuwa namba nyingine mahali pengine bila wewe kuambiwa vizuri. Ingia kwenye bukingi kila baada ya wiki kadhaa uangalie, na ukikuta umehamishwa piga simu siku hiyo hiyo wakati bado kuna nafasi. Risiti ya siti itunze. Kwa ndege zinazoingia au kutoka Marekani, kanuni zilizotangazwa na wizara yao ya uchukuzi Aprili 2024 zinataka urudishiwe hela ya huduma uliyolipia ukanyimwa, na siti imo, kwa hiyo piga picha bodingi pasi yenye ile namba mpya, ambatanisha na risiti, uwatumie.