Kuchagua Aina za Faili na Aikoni kwa Nyaraka za Programu Yako

Kabla ya kuchora aikoni yoyote, amua kwanza kama programu yako inahitaji kweli aina mpya ya faili. Ikiwa inahifadhi maandishi matupu, picha au jedwali la kawaida, tumia umbizo lililokwisha kuzoeleka, kama vile TXT, PNG au CSV, ili mtumiaji aweze kufungua kazi yake hata siku ambayo programu yako haipo tena. Aina mpya inafaa pale tu ambapo umbizo lililopo lingepoteza sehemu ya waraka, kwa mfano tabaka za mchoro.

Ukilazimika kubuni aina yako, jenga juu ya msingi uliopo: faili za DOCX, ODT na EPUB kwa ndani ni vifurushi vya ZIP, na SQLite, programu ndogo ya kuhifadhi data, huweka hifadhidata nzima katika faili moja. Tia alama ya utambulisho mwanzoni, kama faili ya PNG inavyoanza na baiti 8 zisizobadilika, kwa kuwa kiendelezi cha jina, yaani herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, mtu yeyote anaweza kukibadilisha. Alama hiyo ifuatwe na nambari ya toleo. Wengi huisahau, nami naiona kuwa muhimu kuliko yote, kwa sababu bila hiyo programu ya zamani inaweza kuisoma vibaya faili mpya, kisha ikaihifadhi na kufuta kazi ya mtu.

Kiendelezi hakilazimiki kuwa na herufi tatu, kwani mpaka huo ulitokana na DOS, mfumo endeshi wa zamani. Chagua kirefu kidogo kisichotumiwa na programu nyingine. Kisajili katika rejista ya Windows, katika Info.plist (faili ya maelezo ya programu) ya macOS, na kama aina ya MIME (jina sanifu la aina ya faili) katika Linux.

Aikoni ya waraka isifanane kabisa na ya programu, la sivyo mtumiaji atafungua kimoja akidhani ni kingine. Umbo la ukurasa uliokunjwa pembe, likiwa na alama moja ya programu, linatosha. Kwa Windows andaa angalau pikseli 16, 32, 48 na 256, na ile ya 16 uichore upya kwa mkono, kwa maana picha kubwa ikipunguzwa tu hugeuka doa. Aina mbili zisitofautiane kwa rangi pekee, kwani wapo wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani. Hatimaye ziweke faili hizo katika folda iliyojaa nyaraka nyingine, uitazame kwa mwonekano wa orodha, na umwombe mtu asiyeijua programu yako azitafute.